Taarifa za Hitilafu katika Programu Huria: Kazi ya Lugha Iliyosahauliwa

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya ukuzaji wa Kiswahili kama lugha ya sayansi na teknolojia, suala lililopewa nafasi kubwa ni la istilahi. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu iwapo chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na iwapo istilahi ziundwe kwa kutohoa, kufasiri au kufufua maneno ya zamani. Mijadala hiyo ina manufaa yake. Hata hivyo, kuna swali jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili, nalo ni hili: programu iliyokwisha kufasiriwa kwa Kiswahili inapokosea, mtumiaji wake atamweleza nani, na atamweleza kwa lugha gani?

Makala haya yanajadili swali hilo kwa kuangalia utunzaji wa taarifa za hitilafu katika programu huria. Kwa programu huria hapa inakusudiwa programu ambayo msimbo wake uko wazi, na ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza. Nyingi kati ya programu hizo hutunzwa na watu wanaojitolea, ambao wametawanyika katika nchi mbalimbali na hawaonani na watumiaji wao. Mtunzaji wa namna hiyo hana njia nyingi za kujua kwamba kazi yake ina kasoro mahali fulani. Njia yake kubwa ni taarifa iliyoandikwa. Taarifa ikikosekana, au ikiandikwa kwa namna isiyoeleweka, hitilafu huendelea kuwapo.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba utunzaji wa taarifa za hitilafu, ingawa kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya mafundi, kwa sehemu kubwa ni kazi ya lugha. Kwa hiyo, kufasiri sura ya programu bila kujenga njia ya kupokea malalamiko kwa lugha hiyohiyo ni kuifanya kazi nusu.

2.0 Mtumiaji wa Mkolani

Ili mjadala usielee hewani, ni vema kuuweka mahali mahususi. Mkolani ni kata mojawapo ya Jiji la Mwanza, katika Wilaya ya Nyamagana, kwenye barabara kuu itokayo mjini kuelekea Shinyanga. Jirani zake ni Nyegezi na Buhongwa, na upande wa ziwani, huko Malimbe, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania. Kwa lugha, eneo hili lina hali ambayo ni ya kawaida katika Kanda ya Ziwa: Kisukuma husikika majumbani, Kiswahili hutawala sokoni, shule ya msingi na ofisini, na Kiingereza hutumika kufundishia kuanzia sekondari.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja ana duka la stesheneri kando ya barabara hiyo. Huchapa barua, hutoa nakala na kurekebisha tasnifu za wanafunzi. Kompyuta yake inatumia programu huria ya kuandikia yenye maelekezo ya Kiswahili. Siku moja mwanafunzi analeta tasnifu yenye majedwali mengi. Wakati wa kuihifadhi, programu inajifunga, na faili halifunguki tena. Kesho yake ndiyo siku ya kuwasilisha kazi. Mama anamgeukia kijana na kusema: "Pole mwanangu, imegoma."

Katika mazingira ya dukani, kauli hiyo inatosha. Fundi akiitwa, ataiona mashine kwa macho yake, atauliza maswali mawili matatu, na kazi itaanza. Lakini kauli hiyohiyo ikipelekwa kwa mtunzaji aliye mbali, haimpi chochote cha kushika. Pengo lililopo kati ya "imegoma" na maelezo yanayoweza kumsaidia mtunzaji ndilo makala haya yanalolishughulikia.

3.0 Historia kwa ufupi

Mazoea ya kuandika hitilafu ni ya zamani kuliko programu huria zenyewe. Tarehe 9 Septemba 1947, waendeshaji wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amekwama ndani ya mashine. Walimbandika katika daftari la kumbukumbu na kuandika kwamba huyo alikuwa mdudu halisi wa kwanza kupatikana. Walikuwa wakitania, kwani wahandisi wanaozungumza Kiingereza walikuwa wakiita kasoro za mitambo "wadudu" tangu karne ya 19. La muhimu kwetu ni lile daftari. Tukio linakumbukwa hadi leo kwa sababu liliandikwa siku lilipotokea, na waliokuwapo.

Kwa upande wa programu huria, mradi wa Debian ulianza kutumia daftari la hitilafu la kielektroniki mwaka 1994. Mwaka 1997 mradi huo ulitangaza mkataba wake na jamii, ambao ndani yake uliahidi kutoficha matatizo na kuliacha daftari lote wazi kwa umma. Mwaka 1998 mradi wa Mozilla ulitoa Bugzilla, programu ya kutunzia taarifa ambayo baadaye ilitumiwa na miradi mingine mingi. Katika hatua hizo, taarifa ya hitilafu iliacha kuwa barua ya faragha kati ya mteja na muuzaji, ikawa kumbukumbu ya umma yenye namba yake.

Afrika Mashariki haikuwa nje ya historia hiyo. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mnamo Desemba 2004. Kwa mara ya kwanza, mzungumzaji wa Kiswahili alipata programu kamili za kuandikia, za majedwali na za mawasilisho kwa lugha yake, bila malipo. Nchini Kenya, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS ulibuniwa kuanzia mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Katika mfumo wa namna hii hitilafu inaweza kumgusa mgonjwa mwenyewe, kwa mfano pale kumbukumbu ya dawa zake inapopotea.

4.0 Suala la istilahi: mdudu, kosa, kasoro, dosari au hitilafu?

Wako wanaofasiri neno la Kiingereza moja kwa moja na kusema "mdudu". Tafsiri hii ina matatizo. Katika Kiswahili cha kawaida, "mdudu" na "wadudu" hutumika pia kwa viini vya maradhi. Mtumiaji wa Mkolani akiambiwa kwamba programu yake ina mdudu, kuna uwezekano mkubwa ataelewa kwamba kompyuta imeambukizwa kirusi, na atakwenda kutafuta programu ya kuua virusi. Neno limempeleka kusiko. Kirusi hutoka nje, ilhali hitilafu inayozungumziwa imo ndani ya programu tangu ilipoandikwa.

"Kosa" nalo lina upungufu. Neno hili hudai mkosaji. Mtumiaji anaposoma kwamba "kosa limetokea," hudhani kwamba yeye ndiye aliyekosea, na mwenye kujiona mkosaji haandiki taarifa, bali hunyamaza.

Neno "hitilafu" linafaa zaidi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni tofauti au kutokubaliana. Maana hiyo inalingana na fasili ya kitaalamu, kwa kuwa hitilafu ni tofauti kati ya kile ambacho programu ilitakiwa kufanya na kile ilichofanya. Neno halimtuhumu mtu, wala halileti picha ya maradhi. Isitoshe, linamkumbusha mwandishi wa taarifa kwamba anawajibika kutaja pande zote mbili za tofauti hiyo, yaani lililotarajiwa na lililotokea.

Maneno yaliyobaki yanaweza kugawiwa kazi zake. "Kasoro", ambalo katika kutaja saa huonyesha kitu kilichopungua, linafaa kwa jambo ambalo programu haina bado na mtumiaji analiomba. "Dosari" linafaa kwa waa la sura, kama vile neno lililofasiriwa vibaya au maandishi yaliyozidi upana wa kitufe. Mgawanyo huu ni msaada kwa mpokeaji, kwani kila kundi hushughulikiwa na watu tofauti.

5.0 Sarufi ya taarifa

5.1 Kiambishi nafsi kisicho na mwenyewe

Turejee kwenye kauli "imegoma." Kiambishi i- kinawakilisha nini? Nomino kompyuta, programu, printa, intaneti na betri zote huchukua upatanisho huohuo katika umoja. Wanaozungumza ana kwa ana hawahitaji kutaja nomino, kwa maana kitu chenyewe kiko mbele yao. Katika maandishi, kiambishi hicho kinaacha milango mitano wazi. Kanuni ya kwanza ya taarifa ya Kiswahili, basi, iwe ni kutaja kiima kwa jina lake, pamoja na toleo la programu.

Kitenzi chenyewe pia kinahitaji kupambanuliwa. Wasemaji hutumia kugoma, kuganda, kukwama, kujifunga na, katika lugha ya vijana, kuzingua. Vitenzi hivi havina maana moja. Programu iliyoganda bado inaonekana kwenye kioo lakini haijibu. Iliyojifunga imetoweka. Iliyokwama inaendelea na kazi moja bila kuimaliza. Kugoma na kuzingua hueleza tu kwamba kuna tatizo. Mpokeaji anayejua tofauti hizi ataweza kuuliza swali sahihi: "Iliganda au ilijifunga?"

5.2 Kauli ya kutendeka

Kiswahili kina mnyambuliko wa -ik- na -ek-, ambao hueleza hali bila kumtaja mtenda: faili limefutika, herufi zimeharibika. Ni mnyambuliko wenye adabu, kwani huokoa heshima ya aliyehusika. Lakini katika taarifa ya hitilafu unaficha hatua zilizotangulia tukio, na bila hatua hizo mtunzaji hawezi kulirudia tukio kwenye mashine yake. Hitilafu isiyoweza kurudiwa ni vigumu kurekebishwa. Mpokeaji, kwa hiyo, hana budi kumsaidia mtumiaji kutoka "limefutika" hadi "nilibonyeza hiki, kisha kile, ndipo likafutika," huku akimhakikishia kwamba halaumiwi.

5.3 Saa

Mtumiaji akisema tukio lilitokea saa 2 usiku, Mswahili anaelewa saa 20:00. Anayefasiri kwa haraka anaweza kuandika saa mbili ya Kizungu, ambayo ni saa 8 usiku kwa hesabu yetu. Zaidi ya hayo, kumbukumbu nyingi za kompyuta zinazotoa huduma kwa mbali huandikwa kwa saa za kilimwengu, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa 2 usiku ya Mkolani ni 17:00 katika kumbukumbu hizo. Tofauti ya namna hii inaweza kumfanya mtunzaji atafute tukio mahali ambapo halipo, kisha aifunge taarifa kwa kudhani ni uzushi.

5.4 Upatanisho wa kisarufi kama hitilafu

Baadhi ya hitilafu zinatokana na lugha yenyewe. Waandishi wa programu hupenda kuunda ujumbe mmoja wenye nafasi iliyo wazi, ambayo baadaye hujazwa jina la kitu. Katika Kiingereza, kitenzi cha wakati uliopita hakibadiliki kwa sababu ya jina hilo. Katika Kiswahili ni lazima kibadilike: faili limefutwa, kitabu kimefutwa, picha imefutwa. Zana za ufasiri kama gettext zina njia ya kutofautisha umoja na wingi kwa kufuata idadi, lakini hazijui ngeli ya nomino itakayojaza nafasi.

Mtumiaji akiripoti kwamba programu imeandika "kitabu limefutwa," mtunzaji asiyejua Kiswahili atadhani ni kosa la tahajia la mfasiri, na ataipeleka taarifa huko. Mfasiri akibadilisha li- kuwa ki-, ujumbe utaharibika kwa faili. Chanzo halisi ni muundo wa ujumbe katika msimbo. Dawa yake ni kutenga ujumbe kwa kila aina ya kitu, au kuandika sentensi isiyotegemea nafasi hiyo, kama vile "Kitu kifuatacho kimefutwa:", kisha jina. Uamuzi huu hauwezi kufikiwa na fundi peke yake, wala na mwanaisimu peke yake.

6.0 Maisha ya taarifa

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, taarifa ya mama wa Mkolani ingeweza kuandikwa hivi:

Kichwa: Programu ya kuandikia inajifunga wakati wa kuhifadhi hati yenye majedwali mengi.
Mazingira: jina na toleo la programu, jina na toleo la mfumo wa kompyuta.
Hatua: (1) Fungua hati. (2) Ongeza safu katika jedwali la mwisho. (3) Bonyeza Hifadhi.
Lililotarajiwa: hati ihifadhiwe na ibaki wazi.
Lililotokea: programu ilijifunga, na faili halifunguki tena.
Marudio: imetokea mara tatu kati ya majaribio matatu.
Kiambatisho: hati ndogo ya majaribio isiyo na habari za siri za mwenye tasnifu.

Baada ya kupokewa, taarifa hupitia hatua kadhaa. Kwanza hupewa namba. Pili, mtu mwingine hujaribu kuirudia, akifaulu, huithibitisha. Tatu, hulinganishwa na zilizotangulia, na ikiwa ni marudio huunganishwa na ile ya kwanza. Nne, hupangiwa daraja. Debian ina madaraja saba, kuanzia hitilafu inayoharibu mfumo mzima hadi ombi la nyongeza. Ni muhimu kutofautisha ukali na kipaumbele: ukali ni ukubwa wa madhara kwa mtumiaji, na kipaumbele ni uamuzi wa watunzaji kuhusu kitakachoanza kufanywa. Mwisho, taarifa hufungwa, na sababu ya kuifunga huandikwa.

Hatua hizi ni nyepesi kuzieleza na nzito kuzitekeleza. Wanaojitolea hufanya kazi hii usiku, baada ya ajira zao, na daftari huongezeka kuliko nguvu zao. Hatari ya hali hiyo ilidhihirika mwaka 2024 katika programu ya kubana mafaili iitwayo XZ, iliyokuwa ikitunzwa hasa na mtu mmoja aliyejitolea. Mtu mwingine, aliyejipatia imani yake kwa muda wa miaka miwili hivi, aliingiza ndani yake mlango wa siri. Uligunduliwa na mhandisi Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia katika kompyuta kwa mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alifuatilia, akaandika taarifa yenye hatua na ushahidi, na kuitangaza tarehe 29 Machi 2024. Tukio hilo lina mafunzo mawili: mtunzaji aliyechoka na kuachwa peke yake ni udhaifu wa mfumo mzima, na taarifa iliyoandikwa kwa uangalifu inaweza kuokoa watu wasiojua hata kwamba iliandikwa.

Hapa adabu ya lugha ina nafasi yake. Ujumbe mkavu usemao "Taarifa yako imefungwa," pasipo shukrani wala sababu, humfika msomaji wa Kiswahili kama mlango uliobamizwa. Hatarudi tena. Kwa upande mwingine, mwandishi aliyezoea kutanguliza salamu na kuuliza hali huweza kuchelewesha jambo lenyewe hadi aya ya tatu. Suluhisho linalofaa ni kuacha kichwa cha taarifa kibebe jambo, na mazungumzo yabebe utu: salamu, pole na ahsante.

7.0 Pengo na namna ya kuliziba

Jambo OpenOffice ilikuwa na sura ya Kiswahili, lakini daftari la hitilafu la mradi mama wa OpenOffice lilikuwa la Kiingereza. Ndivyo ilivyo hadi sasa kwa daftari la LibreOffice, mradi uliochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Mtumiaji alikaribishwa sebuleni kwa Kiswahili, lakini akitaka kulalamika alipaswa kutoka nje na kuingia kwa mlango wa Kiingereza. Athari yake ni kwamba hitilafu zinazowahusu Waswahili peke yao, kama zile za upatanisho na za saa, ndizo zenye nafasi ndogo zaidi ya kufikishwa kwa watunzaji.

Kinachopendekezwa ni kuwapo kwa karani wa lugha katika kila mradi wenye tafsiri ya Kiswahili. Kazi yake si kurekebisha msimbo. Hupokea taarifa kwa Kiswahili, huuliza yaliyosahauliwa, huirudia hitilafu kwenye mashine yake, huitafuta katika daftari kuu, na kuiandika huko kwa Kiingereza ikiwa haimo. Kisha hurudisha jibu kwa mtumiaji kwa Kiswahili. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kwa urahisi, nayo ndiyo inayojenga imani.

Pendekezo hili lina vikwazo viwili. Cha kwanza ni kwamba daftari la Kiswahili linaweza kuwa kisiwa ambacho watunzaji hawakifikii. Kikwazo hiki huondoka iwapo kila taarifa ya Kiswahili itabeba namba ya mwenzake katika daftari kuu, na daftari kuu likabeba kiungo cha kurudi. Cha pili ni kigumu zaidi: karani naye ni mtu wa kujitolea, naye atachoka. Idara za Kiswahili zinaweza kusaidia kwa kuifanya kazi hii kuwa zoezi la wanafunzi wa uzamili wa istilahi na tafsiri, kwa kuwa inawapa data hai ya lugha ya watumiaji. Lakini muhula huisha na hitilafu haziishi. Bila zamu inayopokezanwa na bila mtu anayewajibika nyakati za likizo, zoezi hilo litazalisha taarifa nyingi zisizo na mfuatiliaji, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa nazo, kwa maana mtumiaji ameahidiwa sikio asilolipata. Ni heri kuanza na programu moja inayotumika kweli katika madarasa na maduka ya jirani, kuliko kutangaza kumi.

Isisahaulike kwamba uwazi nao una mpaka. Hitilafu inayohatarisha usalama hupelekwa kwanza kwa watunzaji kwa siri, na hutangazwa baada ya dawa kupatikana. Karani lazima aijue njia hiyo kabla ya kupokea taarifa ya kwanza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba safari ya taarifa kutoka Mkolani hadi kwa mtunzaji aliye ng'ambo inapita katika maamuzi ya lugha: kiambishi kinawakilisha nini, kitenzi gani kimechaguliwa, saa imehesabiwa vipi, na upatanisho umevunjika wapi. Maamuzi hayo yamo ndani ya taaluma ya Kiswahili, wala hayawezi kuachiwa mafundi pekee. Ufasiri wa programu umekuwa ukipimwa kwa wingi wa maneno yaliyofasiriwa. Kipimo cha haki zaidi kingekuwa kuangalia kama mama wa stesheneri, siku faili la tasnifu linapoharibika, ana mahali pa kusema kwa Kiswahili, na kama kuna mtu atakayemjibu.